Kona za faiba hujifunga: mwongozo kamili wa kuchora kalibu kwenye CAD (uchoraji wa kompyuta) ili kipande kitoke na vipimo vyake

Kifuniko cha kwanza cha faiba (nyuzi za kioo zilizoganda ndani ya resini) nilichotengeneza kwa kalibu iliyochorwa kwenye kompyuta kilikuwa cha sanduku la barafu la mama mmoja anayenunua sangara pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Bapa la juu lilikuwa na urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 80, na midomo minne iliyoshuka milimita 120 kulizunguka sanduku. Nilichora midomo kwa digrii 90. Mbao za kalibu zikakatwa kwa digrii 90, na kabla ya kupaka nta nilizunguka na skwea kona hadi kona.

Kifuniko kilipotoka, mdomo wa kila upande ulikuwa umeingia ndani zaidi ya milimita mbili pale katikati. Ukijumlisha pande mbili zinazotazamana, ni milimita nne na ushee. Kiligoma kushuka. Mama alikibonyeza kwa viganja, akakibonyeza kwa goti, kisha akanitazama: "Baba, hiki kimeruka kama shati la mtumba. Barafu yangu nitaifunika na nini?" Nilimwomba radhi, nikarudi nacho karakana. Nilipima kalibu upya: digrii 90, pande zote.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba kuchora kalibu kwa vipimo vya kipande ni kosa. Kalibu inatakiwa kuwa na vipimo ambavyo faiba, ikishaganda, ikanywea na kupoa, itavipindisha yenyewe hadi vipimo unavyovitaka. Na kwa kuwa kupinda huko kunafuata sheria, kunaweza kukokotolewa na kuingizwa kwenye mchoro. Nawaandikia mafundi wenzangu wa boti, wa vifuniko vya injini, wa vihori vya chakula kwenye vizimba, na vijana wanaojenga mabawa ya droni. Mimi natumia FreeCAD kwa sababu ni ya bure na ina jedwali lake la hesabu ndani, lakini hatua ni zilezile kwa programu yoyote inayokubali vipimo vyenye majina.

Kwanza elewa kona

Bapa likinywea, linabaki bapa, limepungua tu. Kona ikinywea, inageuka. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Chukua kona ya digrii 90 yenye unene wa milimita 5, uitazame kwa upande, kule ilikokatwa. Nyuzi zinapita kwa kuufuata mviringo, kutoka mkono mmoja wa kona hadi mwingine. Nyuzi za kioo hazinywei, kwa hiyo kwa urefu kona inashikiliwa. Lakini kwa unene, kutoka uso wa jelikoti (tabaka la kwanza la resini, linalogusa kalibu) hadi uso wa nyuma, hakuna uzi unaopita. Kuna resini tu kati ya tabaka na tabaka, na resini ya polyesta inapoganda hupoteza kama asilimia 5 hadi 8 ya ujazo wake. Ikizuiwa kwa urefu, inanywea kule ambako hakuna wa kuizuia, yaani kwenye unene.

Sasa fikiria wakimbiaji wawili kwenye kona ya uwanja wa mbio. Wa njia ya nje anakimbia zaidi ya wa ndani, na ziada hiyo ni upana kati yao mara mgeuko wa kona. Kwenye faiba urefu wa njia ya nje na wa njia ya ndani umefungwa na nyuzi, kwa hiyo ziada haibadiliki. Unene ukipungua na ziada ikabaki ileile, kitu pekee kinachoweza kulipa ni mgeuko wenyewe: lazima uongezeke. Unene ukipungua kwa asilimia 1, mgeuko wa digrii 90 unakuwa digrii 90.9, na pembe ya ndani inashuka hadi 89.1. Kona imejifunga. Kwenye mdomo wa milimita 120 hiyo ni karibu milimita 1.9 pale nchani.

Kanuni yake kwa maneno: ongezeko la mgeuko ni sawa na mgeuko, mara tofauti kati ya mnyweo wa unene na mnyweo wa urefu. Unaikokotoa mara mbili, mara moja kwa kunywea kwa kuganda na mara moja kwa kunywea kwa kupoa, kisha unajumlisha.

Tuifanye kwa mati ya kioo (mkeka wa nyuzi fupi za kioo) na polyesta. Tuseme baada ya resini kushika, unene unanywea asilimia 1.2 na urefu asilimia 0.2. Tofauti ni asilimia 1, na ukizidisha kwa digrii 90 unapata digrii 0.9. Kisha kupoa: ikiwa ilishika ikiwa na joto la digrii 60 na karakana ina digrii 27, imepoa digrii 33. Kwa unene, faiba ya namna hii hutanuka au kunywea kama sehemu 60 kwa milioni kwa kila digrii ya joto, na kwa urefu kama sehemu 18. Tofauti ni 42. Zidisha kwa 33, gawa kwa milioni, zidisha kwa 90: digrii 0.12. Jumla ni digrii 1 na kitu kidogo.

Angalia uwiano huo. Kwa polyesta inayoganda bila tanuri, sehemu kubwa ya kona kujifunga inatokana na kuganda, kupoa kunachangia kidogo. Kwa kaboni na epoxi iliyookwa kwa digrii 120 mambo yanakaribia kuwa nusu kwa nusu. Ndiyo maana mtu akikuambia "mimi naongeza digrii moja kila kona," muulize resini gani na joto gani.

Jambo la kukumbuka daima: kinachohesabika ni mgeuko (180 toa pembe ya ndani), wala si pembe ya ndani yenyewe. Kona ya ndani ya digrii 120 ina mgeuko wa 60 tu, kwa hiyo inajifunga theluthi mbili ya kona ya 90. Uso bapa una mgeuko wa sifuri, na kwa kanuni hii haujifungi hata kidogo.

Hatua ya 1: Tuliza utaratibu kabla ya kugusa kompyuta

Kufidia kunafaa kwa tabia inayojirudia tu. Kama leo umeweka katalisti asilimia 1 na kesho 2, leo mati tatu na kesho nne kwenye kona, vipande vitapinda kila kimoja kivyake na hakuna mchoro utakaokusaidia.

Pima katalisti (dawa ya kugandisha resini) kwa mizani. Kizibo cha chupa si kipimo. Kwa polyesta ya kawaida asilimia 1 hadi 2 ya uzito inatosha. Mchana chini ya mabati, ambapo joto la karakana linapita digrii 30 kwa urahisi, mimi nakaa karibu na 1 lakini sishuki chini yake, kwa kuwa resini isiyoganda vizuri itaendelea kunywea wiki nzima baada ya kutoka. (Kama unaongeza kichocheo cha kobalti mwenyewe, kichanganye kwenye resini kwanza hadi kipotee. Kisikutane na katalisti moja kwa moja, hulipuka. Na miwani ivaliwe, katalisti hiyo hupofusha.)

Pima pia resini kwa uzito wa mati. Kona zenye dimbwi la resini hujifunga zaidi kuliko zilizokamuliwa vizuri kwa rola. Halafu tabaka zako ziwe na ulinganifu kutoka katikati kwenda nje: ulichoweka upande wa jelikoti, kiweke na upande wa nyuma. Kitambaa kilichofumwa upande mmoja na mati tupu upande mwingine hukupa kipande kilichojikunja kama tandiko la punda, na kosa hilo halifidiwi kwenye CAD. Linafidiwa mezani, kwa kupanga tabaka upya.

Usirundike tabaka zote kwa mkupuo pia. Joto la kuganda linapanda, resini inashika ikiwa moto sana, na kunywea kunaongezeka. Ila ukichelewa mno kati ya rundo na rundo, tabaka za mwisho zinanywea juu ya zile zilizokwisha kukakamaa, na kingo zinainuka kuelekea nyuma. Jelikoti ikishika hadi isinate kidoleni, mati ya kwanza. Ikishika, zinazofuata siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Tengeneza vipande vya majaribio, na uvipime asubuhi

Namba nilizotumia hapo juu ni za kukuonyesha njia. Za kwako zitatoka kwenye resini yako, mati yako na mkono wako. Tengeneza kalibu ndogo mbili. Ya kwanza ni kona moja tu yenye umbo la L, mikono ya milimita 150, upana 300, digrii 90, yenye mviringo uleule utakaotumia kwenye kazi. Ya pili ni bapa la mita moja na ushee lenye mikwaruzo miwili myembamba iliyoachana milimita 1,000 kamili. Mikwaruzo itajichora kwenye jelikoti.

Mwaga vipande vitano kwenye kila kalibu, kwa siku tofauti. Viache vilale kwenye kalibu usiku kucha, vitoe, vikae siku tatu kivulini bila kuegemezwa ukutani. Faiba changa ikiegemezwa hujikunja kwa uzito wake.

Kupima pembe hakuhitaji kifaa cha bei. Laza mkono mmoja wa kona juu ya kioo kinene cha dirisha, simamisha skwea iguse mkono wa pili pale chini, kisha pima mwanya au mwegemeo pale nchani kwa venia (kipimio chenye taya). Kwa mkono wa milimita 150, kila milimita 2.6 ni digrii moja. Mimi nilipata 88.7, 88.9, 88.8, 89.0 na 88.8. Wastani ni 88.84, maana yake kona ya 90 inajifunga kwa digrii 1.16. Na tofauti kati ya kipande cha juu kabisa na cha chini kabisa ni 0.3 tu, kwa hiyo mkono umetulia. Ukiona zinapishana kwa digrii nzima, rudi Hatua ya 1. Kwenye bapa, mikwaruzo ilisomeka 998.4: mnyweo wa milimita 1.6 kwa mita.

Asubuhi, nasisitiza. Boti ya mita 3 yenye kutanuka sehemu 20 kwa milioni kwa kila digrii itarefuka karibu milimita 0.9 joto likipanda digrii 15 kati ya alfajiri na saa nane mchana. Na kama rula yako ya aluminiamu ilikuwa juani huku kipande kikiwa kivulini, utapima kosa la rula na kulifidia kwenye kalibu. Vilaze pamoja ndani usiku, pima saa moja asubuhi.

Hatua ya 3: Mafaili mawili, jedwali moja

Chora kipande kama kinavyotakiwa kuwa kikishafungwa kwenye boti, bila fidia yoyote. Faili hilo halibadilishwi tena. Ndilo utakalolinganisha nalo kila kinachotoka. Kalibu iwe faili la pili linalorithi umbo kutoka la kwanza.

Katika jedwali la FreeCAD fungua seli na uzipe majina: mnyweo_urefu, mnyweo_upana, fidia_90, na kama kuna tanuri, joto_tofauti, kutanuka_kalibu, kutanuka_kipande. Kila pembe ya kalibu iandikwe kwa fomula inayosoma seli hizo. Fundi anayechapa 91.16 moja kwa moja kwenye mchoro atakuja kulia siku resini itakapobadilika, kwa sababu atatakiwa kuzisaka kona zote moja moja.

Hatua ya 4: Fungua kona

Kila kona ya kalibu inakuwa: pembe ya ndani unayoitaka, jumlisha jibu la fidia_90 mara mgeuko gawa kwa 90. Kwa boti yenye kitako cha V, ambapo pembe ya ndani kwenye mkuku ni 140, mgeuko ni 40, na fidia ni 0.52. Kona ya ubavu yenye pembe ya 120 ina mgeuko wa 60, fidia 0.77. Ndogo, lakini ubavu wa sentimita 60 unaozunguka kwa digrii 0.77 unasogea milimita 8 pale juu. Benchi ulizokata kwa mchoro hazitakaa.

Zungusha mkono wa kona kwa kuzunguka kitovu cha mviringo, usizungushe kwa kuzunguka ncha ya kufikirika ambako mistari miwili ingekutana. Ukikosea hapa, pembe itakuwa sawa lakini bapa litakuwa limerefuka au kupungua.

Kila kona hujifunga kuelekea ndani yake yenyewe. Kwenye umbo la Z kona moja inageuka huku na nyingine kule, pembe zinafutana, midomo inabaki sambamba, lakini mmoja umesogea pembeni. Kwa hiyo usijumlishe fidia kichwani. Zungusha kona ya kwanza pamoja na vyote vilivyoshikana nayo, kisha ya pili pamoja na vilivyobaki, kwa mfuatano, ukianzia uso uliouchagua kuwa usiosogea.

Hatua ya 5: Sanduku lina tabia yake

Fidia ya kona iliyo huru inafanya kazi vizuri kwenye kona iliyo huru. Kifuniko cha yule mama hakikuwa hivyo. Midomo yake minne imeungana penye pembe nne, na pale inapoungana inashikana: huu ukitaka kuingia ndani, yule uliosimama kwa ubavu unauzuia. Nilipopima kile kifuniko kilichogoma, mdomo mrefu ulikuwa umeingia milimita 2.3 katikati, lakini sentimita 5 kutoka pembeni umeingia milimita 0.6 tu. Ukiangalia kwa jicho moja kutoka mwisho, ulikuwa umepinda kama upinde wa manati.

Ningefungua mdomo mzima kwa digrii 1.1, katikati pangenyooka na pembeni pangetoka nje kama masikio. Kwa hiyo mdomo wa kalibu haupaswi kuwa bapa. Uchorwe kwa sehemu: sehemu ya pembeni kwa digrii 90.3, ya katikati kwa 91.1, na mbili za kati zinazofuata mkunjo ule uliopimwa, kisha zote ziunganishwe kwa uso mmoja laini. Mdomo mfupi wa sentimita 80 unapata mkunjo mdogo zaidi, kwa kuwa pembe ziko karibu.

Ujanja huu wa kupima kosa na kuligeuza upande wa pili ndio unaofaa pia kwa nyuso zilizopinda ambazo kanuni ya kona haizifikii. Chora gridi ya sentimita 10 kwenye kipande, pima kila nukta imetoka kiasi gani kwenye umbo lililotakiwa, kisha sogeza nukta hiyohiyo ya kalibu kiasi hicho kwa kinyume. Usianze na kiasi chote. Robo tatu inatosha kwa mara ya kwanza, halafu mwaga kipande kingine na upime kilichobaki.

Bapa kubwa ni suala jingine tena. Halijifungi, lakini hubonyea na kuvimba kama debe. Lipe mgongo kidogo, milimita 3 hadi 5 kwa mita, kwenye mchoro wa kipande chenyewe. Maji ya mvua nayo yatateleza.

Hatua ya 6: Kuza au punguza, na ujue ni kwa sababu gani

Baada ya kona, ukubwa. Kwa polyesta isiyookwa, kalibu iwe kubwa kuliko kipande: zidisha kwa 1.0016 kama bapa lako lilionyesha milimita 1.6 kwa mita. Kuza kutoka nukta moja isiyosogea, mimi huchagua tundu la bawaba au katikati ya tezi, na ukipata mnyweo tofauti kwa urefu na upana, kuza kila upande kwa namba yake. Kitambaa chenye nyuzi nyingi upande mmoja hunywea kidogo upande huo.

Kalibu ya aluminiamu inayoingia kwenye tanuri inageuza mambo. Mwaka 2018 Mwanza ilipokea mashindano ya droni ya Lake Victoria Challenge, na tangu hapo nimekutana na vijana wengi wanaotaka kujenga mabawa ya kaboni. Tuseme bawa la mita 1.5, epoxi inashika kwa digrii 120, karakana ina 25. Aluminiamu inatanuka sehemu 23 kwa milioni kwa kila digrii, kitambaa cha kaboni kwenye epoxi kama 3. Ndani ya tanuri kalibu inarefuka, kaboni inashika ikiwa kwenye urefu huo, kisha kalibu inarudi na kaboni hairudi. Tofauti ni 20, mara 95, mara milimita 1,500, gawa kwa milioni: bawa litatoka likiwa refu kuliko kalibu baridi kwa milimita 2.85. Kalibu ichorwe fupi kwa kiasi hicho. Mwenye kuchukua namba ya mnyweo wa polyesta na kuibandika hapa atakuwa amekosea kwa upande wa pili.

Joto la kutumia ni lile ambalo resini ilishikia, ambalo mara nyingi ni pungufu ya joto la juu kabisa la tanuri. Epoxi ikishika kwa 80 na baadaye ikaokwa kwa 120 bado kwenye kalibu, hesabu ya ukubwa inaanzia 80. Chuma kinatanuka sehemu 12 kwa milioni, nusu ya aluminiamu. Ndiyo sababu kwa bawa refu chuma au kalibu ya kaboni yenyewe ni salama zaidi. Aluminiamu ina kasoro nyingine: inapotanuka inavuta tabaka la kwanza, na kipande chembamba kirefu kinatoka kimepinda hata kama hakina kona. Upinde huo unakua haraka sana urefu ukiongezeka na unapungua unene ukiongezeka. Karatasi mbili za filamu ya kutolea kati ya kalibu na tabaka zinapunguza mvuto.

Hatua ya 7: Kama kalibu nayo ni ya faiba

Wengi wetu hatukati kalibu moja kwa moja. Tunakata umbo la mbao, lile tunaloliita plagi, tunalaza kalibu ya faiba juu yake, kisha vipande ndani ya kalibu. Basi kuna minyweo miwili. Kalibu ikinywea milimita 1.0 kwa mita na kipande 1.6, plagi ikuzwe kwa 2.6. Kona vilevile: kalibu imeizunguka plagi kwa nje, nayo inajifunga kuelekea ndani, kwa hiyo fidia ya kalibu inajumlishwa juu ya fidia ya kipande.

Punguza mchango wa kalibu kwa kuijenga polepole, tabaka chache kwa siku, unene mara mbili au tatu ya kipande. Mbavu za mbao au chuma zifungwe nyuma kalibu ikiwa imeshaganda sawasawa lakini ingali juu ya plagi. Ukiitoa kwanza ndipo ufunge mbavu, unaifungia upotofu wake.

Plagi ya mbao nayo inakunywa hewa ya ziwa. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, ubao unavimba kwa upana kuliko fidia zote tulizohesabu hapa. Ipake rangi ya kuziba pande zote, hata zisizoonekana, na usiiache mwezi mzima kati ya kukata na kulaza.

Hatua ya 8: Kagua utokaji

Sasa ongeza ambavyo ni vya kalibu pekee: ukingo wa kufungia, sentimita 5 hadi 7 za ziada nje ya mstari wa kukatia, na mstari wenyewe uchorwe kama mfereji wa nusu milimita ili ujichore kwenye jelikoti. Vinaongezwa mwisho, visikuzwe pamoja na kipande.

Kisha endesha ukaguzi wa mwinamo wa kutolea, yaani mteremko wa kuta unaoruhusu kipande kutoka. Kalibu ya kike, inayoshika uso wa nje, inafaidika: kona zimefunguliwa kupita 90, na kipande kikijifunga kinajibandua chenyewe. Kalibu ya kiume ni mtihani, kwa kuwa kipande kinajifunga juu yake na kuikumbatia. Hapo mwinamo wa kipande chenyewe uwe angalau digrii 3 baada ya fidia. Penye mdomo unaorudi ndani, fidia inaweza kula mwinamo wote na kukufungia kazi ndani. Hapo kata kalibu vipande viwili.

Ukitoa faili la kukatia ambalo uso wake umegawanywa kwa pembetatu ndogondogo (kama STL), weka usahihi wa milimita 0.05. Pembetatu kubwa zitafuta fidia ya milimita 0.3 uliyoitafuta wiki nzima.

Hatua ya 9: Kipande cha kwanza, na mahali pa kuacha

Kifuniko cha pili nilikitoa baada ya usiku mmoja kwenye kalibu, nikakilaza kimepinduka juu ya meza bapa, siku tatu. Katikati ya mdomo mrefu kilisoma milimita 0.4 ndani. Nikakiacha. Sanduku lina raba ya milimita 6 ukingoni, na 0.4 inamezwa na raba bila kujulikana. Kabla ya kurekebisha tena, jiulize kipande kinafungwa wapi na kwa nini. Shimo la bolti linadai usahihi ambao ukingo wa kifuniko haudai.

Nilikipeleka Mwaloni alfajiri. Mama alikishusha kwa mkono mmoja, akakiinua, akakishusha tena mara tatu akisikiliza raba. "Haya baba, lete na vya masanduku mengine mawili."

Kabla ya kumwaga hivyo viwili nilichonga nyuma ya kalibu aina ya resini, asilimia ya katalisti, mpangilio wa mati na namba ya fidia_90. Pipa jipya la resini likifika, linaanza na vipande viwili vya L kwenye kalibu ndogo. Ikiwa kona inasoma kati ya 88.7 na 89.0, kazi inaendelea. Ikitoka nje ya hapo, nabadilisha seli moja kwenye jedwali, na kalibu iliyopo inabaki kwa kazi za resini ya zamani.